Binti yangu hakimbii kama wenzake: ni Korona au ni sisi?

BARUA

Shikamoo Bi Mshauri,

Safu hii huisoma kila inapotoka, na sikudhani ipo siku nitaandika mimi. Nina binti mmoja tu, katimiza miaka sita mwezi uliopita. Nimwite Z. Akili anayo, kusoma anasoma, na chuoni ameshahifadhi sura ambazo wakubwa zake bado wanababaika nazo. Linaloninyima usingizi ni mwili wake.

Majuzi shule yao ilifanya siku ya michezo, nasi wazazi tukaalikwa. Watoto wa PP2, darasa la mwisho la chekechea, walipangwa mstari kwa mbio za kijiko na ndimu. Filimbi ilipolia wenzake walichomoka, yeye akatembea. Si kwamba alichoka njiani, alitembea tangu mwanzo hadi mwisho, macho kwenye kijiko, na ndimu yake haikuanguka hata mara moja. Akafika wa mwisho kabisa huku watu wakimpigia makofi ya kumhurumia. Kisha mwalimu akanivuta kando. Akaniambia Z hawezi kurukaruka kwa mguu mmoja, hagusi vyuma vya kupandia, na wakati wa mapumziko hukaa kibarazani na wasichana wakubwa. Wenzake wamempa jina, wanamwita Mayai.

Tangu siku hiyo namtazama kwa jicho jingine. Tunakaa Tudor, ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Z akishuka ngazi huweka mkono ukutani, anateremsha mguu mmoja, anauleta wa pili pale pale, ndipo aende kidato kinachofuata. Zamani nilikuwa nikiona ni adabu.

Naamini yote haya yalianza 2020. Wakati ule tuliishi Mji wa Kale, na Z alikuwa na mwaka na nusu, kutembea ndiko kwanza kumemkolea. Unakumbuka hali ilivyokuwa. Machi kafyu, Aprili kaunti ikafungwa, na Mei tarehe 6 wakatufungia mtaa wenyewe, haingii mtu hatoki mtu. Ramadhani tukaimalizia humo, na Idi ikatukuta humo humo. Watoto hawakuona pembea za Makadara wala nini. Vichochoro nilivyokulia nikicheza kibe vikawa vitupu mchana kweupe. Babangu alifariki mwaka uliofuata kwa ugonjwa huo huo. Baadaye tukahamia huku. Kazi yangu ya uhasibu naifanyia nyumbani kwenye kompyuta, kwa hiyo nisiseme uongo, katuni za kwenye simu zimenisaidia sana kulea.

Hapa jengoni watoto ni wengi. Jioni hucheza chini kwenye maegesho, ingawa mwenye nyumba amebandika tangazo la kukataza, na tuktuk zinaingia na kutoka. Mimi simruhusu Z. Akitoka chuoni anapanda juu moja kwa moja. Usiku ukiingia humpanda mori wake, akaruka kutoka kochi hili hadi lile huku akiimba, mpaka jirani wa chini agonge dari kwa ufagio, nami nimkalishe.

Sasa mume wangu ameona dawa ni Msambweni. Mamake yuko huko, ana uwanja mpana, analea wajukuu wengine watatu, na bahari si mbali. Anataka Z aanzie Gredi ya Kwanza huko Januari, akae mwaka mzima, "arudi mtoto kamili." Nyanyake ameshaanza kuulizia shule. Mume wangu ananiambia nimemlea binti kama chungu kibichi. Kila nikifikiria nyumba bila yeye nahisi kukatwa kiungo, lakini tena najiuliza, je, nikimzuia nitakuwa namdhulumu? Dada yangu naye anasema tusitafutane lawama, nimlipie tu mafunzo ya kuogelea.

Niambie ukweli. Miaka ile imemharibu mwanangu? Na je, nimwache aende?

Mama Z, Mombasa

JIBU

Marahaba, Mama Z. Pole kwa msiba wa mzee, na nitarudi kwake, kwa sababu umempa sentensi moja tu katika barua nzima.

Nikuelewavyo, unaulizia mambo mawili. La kwanza ni kama kufungiwa kwa wakati wa Korona kumemwachia Z mwili usiofunguka. La pili ni Msambweni. Mumeo anayachukulia kuwa jambo moja: mtoto ameharibikia ndani, basi apelekwe nje atengenezwe. Mimi ningependa tuyatenganishe kwanza.

Kwamba gonjwa lile liliwapunguzia watoto mwendo, hilo si dhana yako. Mwaka 2022 yalichapishwa mapitio ya tafiti 22 za nchi mbalimbali, yakaonyesha kwamba muda ambao watoto na vijana walikuwa wakitumia kujishughulisha kimwili ulipungua kwa asilimia 20 hivi, ukilinganisha kabla ya Korona na wakati wake. Kuhusu wadogo wa miaka 3 hadi 5, uko utafiti uliowauliza wazazi katika nchi 14, nyingi zikiwa za kipato cha chini na cha kati. Watoto walikuwa wakicheza kidogo na kukaa mbele ya skrini zaidi kuliko zamani. Ila kilichonivutia mimi ni hiki: waliopata nafasi ya kutoka nje wakati huo huo wa vikwazo walikuwa na uwezekano wa angalau mara mbili wa kufikia viwango vinavyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mlango tu. Hapakuwa na kocha, wala vifaa, wala ada.

Swali lako, hata hivyo, ni kama hasara ile hudumu. Nitakupa mfano wa mbali kwa sababu wenzetu hao wana desturi ya kupima. Uingereza, watoto wanaoanza shule, wa miaka minne na mitano, hupimwa uzito na urefu. Mwaka wa masomo wa 2019/20 waliokuwa na unene uliopita kiasi walikuwa asilimia 9.9. Mwaka uliofuata, baada ya kufungiwa, wakaruka hadi 14.4. Watu wakashika vichwa. Lakini 2021/22 walishuka hadi 10.1, na mwaka wa baada ya hapo hadi 9.2. Wale wakubwa wa miaka kumi na kumi na moja ndio hawakurudi haraka hivyo. Najua uzito si sawa na kukimbia, na Z hukuniambia ni mnene. Naleta hesabu hizi kwa sababu ya lile neno lako "imemharibu". Miili ya watoto wadogo, wakirudishiwa maisha yao, mara nyingi hurudi pia.

Basi tuje kwenye maisha yake. Twende na kalenda pamoja, taratibu. Amri ya kufunga Mji wa Kale ilidumu kama mwezi. Mombasa ilifunguliwa tarehe 7 Julai 2020. Shule zilifunguliwa kwa watoto wote, chekechea wakiwemo, Januari 2021. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Z akiwa ndiyo kwanza ana miaka mitatu. Tangu hapo hadi kutimiza miaka sita ni miaka mitatu mingine, nusu nzima ya umri wake. Katika nusu hiyo, kwa maelezo yako mwenyewe, akitoka chuoni anapanda juu moja kwa moja. Serikali iliondoa kafyu, lakini kwenu nahisi bado ipo.

Sisemi hivyo kukulaumu, na tafadhali usiikate sentensi hiyo ukampelekea mumeo. Nasema kwa sababu ina nafuu ndani yake. Kama tatizo lingekuwa 2020, hakuna awezaye kwenda kulirekebisha huko. Kama sehemu kubwa ni utaratibu uliobaki baada yake, huo mnao hapo nyumbani, mnaweza kuushika.

Na utaratibu huo haukutoka hewani. Uliishi mwaka mzima ukiambiwa kila siku kwamba nje ndiko kuliko na mauti, na mwaka wa pili mauti yakaja kweli, yakamchukua babako. Mtu aliyepitia hayo hahitaji tangazo la mwenye nyumba ili kufunga mlango. Nakuomba ujiulize, peke yako, pale bintiyo anapotaka kushuka chini, unaogopa tuktuk, au unaogopa kitu kisicho na jina? Tuktuk zina dawa. Hilo la pili, kama lipo, linastahili kuzungumzwa na mtu, dadako au mshauri wa karibu, kwa ajili yako wewe kabla hata ya Z.

Sasa nizungumze kuhusu mtoto niliyemwona kwenye barua yako, maana simwoni kuwa yule anayeitwa Mayai. Mtoto aliyebeba ndimu juu ya kijiko toka mwanzo hadi mwisho bila kuiangusha ana mizani ya mwili, na ana utulivu ambao wengi wa miaka sita hawana. Wenzake wangapi waliangusha zao? Huenda Z ndiye pekee aliyelitii sharti la mchezo. Na usiku anaruka kutoka kochi hadi kochi akiimba. Anayeruka makochi ana miguu, Mama Z. Anachokosa ni mahali na ruhusa, na pengine ujasiri wa kufanya mbele za watu kile anachokifanya sebuleni.

Lakini ngazi zinanitia shaka, na hapa nitasema kwa uzito. Watoto wengi huanza kushuka ngazi kwa kupishanisha miguu, na kurukaruka kwa mguu mmoja, wakikaribia miaka minne au mitano. Wa miaka sita asiyefanya yote mawili anahitaji kutazamwa na daktari. Inawezekana ni mazoea tu: mtoto aliyeambiwa "shika ukuta, polepole" tangu ana miaka miwili atashika ukuta. Inawezekana pia ni macho yasiyoona kina cha kidato vizuri, au upungufu wa damu, au pumu inayomchosha, au selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi ambao huku Pwani tunaujua, au mifupa iliyokosa jua. Ndiyo, hata katika nchi ya jua mtoto wa ndani anaweza kupata matege. Chukua kile kitabu chake cha afya ya mama na mtoto, kina kurasa za hatua za ukuaji, uende nacho. Mweleze daktari kuhusu ngazi, umwonyeshe hata kwa video. Nisingependa tuibebeshe Korona kila kitu halafu tupitwe na kitu chenye tiba.

Tuseme daktari hakuona ugonjwa. Kwa umri wa Z, Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku za michezo ya kutoa jasho. Si lazima ziwe za mkupuo mmoja. Robo saa hapa, dakika kumi pale, zinajumlishwa. Ukizitazama hivyo, kila njia uliyopewa ina sura nyingine.

Anza na hilo la dadako. Kuogelea ni kuzuri mno, na mtoto wa Pwani kujua maji ni kinga ya uhai. Ila somo moja au mawili kwa wiki halijazi siku tano zilizobaki, na mtoto aliyekwisha kuchekwa kwenye mbio anaweza kuchukia bwawa akiona amepelekwa kurekebishwa. Kama fedha inabana, si hapo ningeanzia. Lakini endapo Msambweni itakuwa kweli, iwe kwa mwezi au mwaka, basi maji yanapanda juu kwenye orodha, maana huko bahari itakuwa karibu na macho yako yatakuwa mbali.

Maegesho ya chini hukuyaorodhesha kuwa njia, mimi nayaorodhesha. Hofu yako ya magari ni ya haki, na mtoto wa kike hapaswi kuachwa mahali bila mtu mzima unayemwamini, hilo sitalibishia. Tangazo nalo lipo. Hata hivyo watoto wanacheza kila jioni, maana yake kuna mama mwingine, labda wanne, wenye hofu ile ile waliyoimeza. Mkizungumza mkapanga zamu, mmoja akae kwenye kiti kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili, bawabu akaombwa kuzuia tuktuk mlangoni kwa saa hiyo, mwenye nyumba anaweza kusikiliza kikundi ambacho asingemsikiliza mtu mmoja. Anaweza pia kukataa. Hatari nyingine ni kwamba Z akishuka siku ya kwanza huenda asichezeshwe, akasimama pembeni, ukaumia roho ukampandisha tena. Shuka naye. Shika ncha ya kamba wewe, mtoto mwingine ashike ya pili. Anayeshika kamba hupata wachezaji.

Ngazi zenyewe, ghorofa nne, ni uwanja mnaoulipia kodi bila kuutumia. Kwa ruhusa ya daktari, mshike mkono mmoja, ukuta apumzike, mshuke kwa wimbo, mguu huu kidato hiki, mguu ule kidato kile. Vidato vitatu vya mwisho tu kwanza. Jirani wa chini mpelekee sahani ya mahamri umuulize ni saa ngapi huwa hayuko, makochi yarukwe saa hizo. Jumapili nendeni bustani ya Mama Ngina pale ufuoni jua likishapungua, pale hakuna anayempigia mtoto filimbi. Au ufuo wa Pirates maji yakiwa yamekupwa, mchanga mgumu, mkimbizane na mawimbi. Na simu? Sitakwambia uitupe, maana una kazi na ndiyo inayolisha. Ila jaribu kutoitoa saa ile ile anayoporomoka kutoka chuoni na nguvu zake zote. Saa hiyo ni ya mwili.

Msambweni sasa. Naona uzuri wake bila kusita: uwanja, binamu watatu, nyanya anayemtaka. Watoto hujifunza kukimbia kwa kufukuzana na watoto, na huko wapo. Hata hivyo uwanja peke yake hauchezi na mtoto. Nyanya ana umri gani, na ana nguvu za kuongeza wa nne? Simu huko haipo, au iko mikononi mwa binamu? Wasichana wa nyumba hiyo hucheza jioni, au huchota maji na kutazama wadogo? Zaidi ya hayo, Gredi ya Kwanza ni mabadiliko tosha kwa mtoto wa miaka sita. Akibadilisha shule, nyumba na mama kwa mpigo, na amesikia "arudi mtoto kamili," anaweza kuelewa kwamba amepelekwa kwa kuwa na kasoro. Maneno hayo nayaogopa kuliko umbali. Kwa upande wa pili, akibaki kwa sababu tu wewe huwezi kuvumilia kumkosa, naye atauhisi uzito huo. Nilivyokusoma, pande zote mbili za moyo wako zina ukweli, na si mimi wa kuchagua.

Kuna likizo ya Desemba katikati. Wiki tatu au nne kwa nyanya, wewe ukiwa naye mwanzoni, zingewaonyesha nyote mambo ambayo mabishano hayaonyeshi: anacheza na nani, anarudi ndani saa ngapi, analala vipi, anakuulizia mara ngapi. Mumeo anaweza kuona ni mbinu ya kuchelewesha, kwa hivyo kubalianeni kabla ni nini hasa mtakitazama. Muulize "mtoto kamili" kwake ni yupi. Anayekimbia? Asiyechekwa? Na umuulize, kwa sauti ya kawaida, huwa nyumbani saa ngapi, kwa sababu katika barua yako ndefu sikumwona baba akishuka ngazi na bintiye hata mara moja. Labda yuko kazini hadi usiku. Labda hakuna aliyemwomba.

Mwalimu pia mrudie. Hukuniambia kama alipewa kazi yoyote kuhusu hilo jina la Mayai, nalo limetoka darasani kwake.

Kliniki usiingojee likizo. Nendeni kabla hamjaamua lolote kuhusu Januari, na ikiwezekana mwende wote wawili, baba naye asikie kwa masikio yake.